Unyevu wa Chumbani

"Shemeji, kabla hujaugusa huo mlango, niambie tena umeona nini."

"Sijaona. Nimesoma," Dereva alijibu, akamsogezea kaka wa mkewe simu. "Soma na wewe."

Kaka mtu ni fundi bomba. Alikuwa ameacha kazi ya watu katikati kwa sababu ya simu moja tu: njoo uone anachonifanyia dada yako. Sasa walikuwa wamesimama kwenye korido, wakinong'ona kama wezi.

"Chumbani, unyevu asilimia tisini," alisoma. "Joto limepanda. Ndiyo nini sasa?"

"Nje jua linawaka. Chumba changu kinalowa na nini mchana huu?"

Tuelewane kwanza. Kile kituo cha hali ya hewa Dereva alikifunga mwenyewe, tena kwa mapenzi. Mkewe ni dobi, anafulia watu hapo nyumbani, na mvua za ghafla zilikuwa zinamliza. Dereva mwenyewe lori linamweka safarini wiki nzima, mkewe akibaki na mama mkwe. Basi akasimamisha mlingoti juu ya paa, akafunga vikombe vya kupimia upepo na kopo la kupimia mvua, mkewe akimshikia ngazi. Kisanduku cha ndani kikakaa chumbani, mezani penye kioo. Vipimo vyote vikawa vinamfikia kwenye simu popote alipo.

"Upepo umegeuka. Anua nguo, mke wangu," alikuwa akimwandikia.

"Nimeanua, bwana mawingu," mkewe alikuwa akijibu.

Shida ilianza bwana mawingu alipoacha mawingu, akaanza kuchungulia chumba. Kila alasiri joto na unyevu vilipanda, kisha vikashuka polepole. Alipomwonyesha dereva mwenzake, yule alicheka mpaka akashika tumbo.

"Chumba hakitoki jasho chenyewe, ndugu yangu."

Neno hilo likamkaa rohoni. Mtu mwenye akili zake angempigia mkewe. Yeye aligeuza lori.

"Mpigie kwanza," kaka mtu alisema.

"Nimpigie ili amtoroshe dirishani?"

Hapo ikasikika sauti ya mkewe kutoka ndani, laini kabisa:

"Taratibu. Nipe mkono. Usione haya, tuko wawili tu."

Dereva hakungoja zaidi. Aliusukuma mlango kwa bega.

Mvuke ulimpiga usoni. Katikati ya chumba kulikuwa na beseni kubwa, na ndani ya beseni stuli ya plastiki. Aliyekaa juu ya stuli, bila nguo, sabuni imemjaa mgongoni, alikuwa mama yake mzazi.

Mama alijaribu kujifunika kwa mikono, mikono haikutosha. Mkewe alimtupia kanga. Kaka mtu, aliyekwisha kuona yote juu ya bega la shemeji yake, aligeuka akaelekea ukuta.

"Tokeni," mkewe alisema.

Aliwafuata koridoni, akaurudisha mlango. Povu lilikuwa bado mikononi.

"Mkojo unamshinda mama yako," alisema kwa sauti ya chini. "Miguu nayo haimbebi. Bafu liko uani, wapangaji wote wanapita pale, hataki wamwone anavyokokotwa. Akanisihi nimwogeshe humu, na wewe usijue. Alisema, mwanangu nilimwogesha mimi, sitaki anione hivi."

Dereva alijipangusa mvuke usoni.

"Na kaka yangu umemleta wa nini?"

Kaka mtu akajibu akiwa bado ameukabili ukuta:

"Aliniambia una mwanaume ndani. Nami nikaja, dada. Hata sikukuuliza. Nisamehe."

"Mwanaume." Mkewe aliitazama simu mkononi mwa mumewe. "Kwa hiyo ilikwambia chumba kimelowa. Na ya kunipigia uniulize kimelowa na nini, si ni simu hiyo hiyo?"

Dereva alitamani ardhi ipasuke immeze. Aliona aibu kwa mkewe, aliona aibu kwa shemeji yake, lakini ile ya mama ndiyo iliyomzidi. Alipiga magoti mbele ya mlango uliofungwa.

"Mama, nisamehe."

"Nimesikia." Mama alijibu kutoka ndani. "Kesho nipelekeni kwa dada yangu. Mwanangu ameniona, na kaka wa mkwe wangu ameniona. Nitakaaje tena hapa?"

Mchuma janga hula na wa kwao. Huyu alilichuma peke yake barabarani, wakalila wanne nyumbani.

Kaka mtu aliondoka bila kumpa mkono. Dereva akatoka uani, akakaa chini ya mlingoti wake. Baada ya muda upepo ukageuka, vikombe vikaanza kuzunguka kwa kasi, wingu likatokea nyuma ya paa. Aliinuka akaanua nguo za wateja, akazikunja vibaya, akaziweka barazani. Kuingia ndani alishindwa. Matone ya kwanza yakamkuta kwenye ngazi za baraza. Simu ikatetema.

"Mvua inanyesha. Kifaa chako hakijakwambia?"

Aliandika: "Kimeniambia. Naona haya kuingia."

Mkewe akaandika:

"Mama hataki kuguswa. Ana sabuni mgongoni, na maji yamepoa."

Aliyasoma maneno hayo mara mbili. Kisha akaenda jikoni akainjika sufuria, maji yakachemka, akayachanganya kwenye ndoo akiyapima kwa kiwiko kama mama alivyokuwa akifanya zamani. Akaiweka ndoo mlangoni na kugeuka.

"Hodi."

Aligonga tena.

"Hodi, Mama."

"Nani?" Ilikuwa sauti ya mama.

"Mimi. Nimeleta maji ya moto. Nimegeukia ukutani."

Mlango ulifunguka kidogo. Mkono wa mkewe ukaichukua ndoo, kisha ukarudi na kile kisanduku cha vipimo, kimetolewa betri.

"Kakitundike barazani," alisema. "Ya humu ndani utaniuliza mimi."

"Nitakuuliza."

Maji yalimwagwa polepole. Dereva alisubiri, kisanduku mkononi, machozi yakimtiririka.

"Mwanangu," mama aliita.

"Naam, Mama."

"Kesho uyalete mapema. Haya umeyachelewesha."