Udongo wa Sodo

Rafiki yangu Zerihun, mpiga picha wa Addis Ababa, hakwenda kwao Sodo kumzika mama yake. Siku hiyo alikuwa akipiga picha harusi ya matajiri.

Kesho yake aliona madoa kwenye kila picha, mahali palepale. Vumbi hilo, akajisemea. Akabana tundu la lenzi hadi mwisho ili vumbi lionekane wazi, akapiga picha ukuta mweupe: madoa saba. Akatoa lenzi, akafuta kioo cha ndani ya kamera kwa kijiti chenye kitambaa laini, akarudisha lenzi, akapiga picha ukuta tena. Madoa ishirini. Na kitambaa kilikuwa na udongo mwekundu wa kwao, bado mbichi.

Dada yake Tadelech akampigia simu.

"Umeridhika, kaka? Hata kiganja kimoja cha udongo hukumtupia mama!"

"Kazi ni kazi. Niache nisafishe kamera."

"Safisha, bwana. Safisha tu!" Akakata.

Zerihun akatoa lenzi tena, akashika pampu ya mpira ya kupulizia vumbi, akakiinamia kitundu cheusi cha kamera. Kabla hajapuliza, akasikia kutoka ndani, mbali, chini kabisa, udongo ukiangukia ubao. Pu. Kimya kidogo. Pu.