Aliyegonga Mara Moja

Ko.

Mara moja tu, kwenye ubao wa mlango, kama kifundo cha kidole kikavu. Sista Hilane alifumbua macho gizani akasubiri maneno. Katika shirika lao, tangu unovisi, yaani malezi ya mwanzo ya usista, hadi uzeeni, mwamshaji hugonga mlango mara moja na kusema, “Tumhimidi Bwana.” Aliyelala ndani hujibu, “Tumshukuru Mungu,” ndipo anaposhusha miguu sakafuni. Lakini maneno hayakuja. Kisha akatambua kwamba mlango uliogongwa haukuwa wake. Ulikuwa wa chumba cha pili, cha Sista Antwanit, na kupitia ukuta mwembamba alimsikia Antwanit akijibu kwa sauti nzito ya usingizi:

“Tumshukuru Mungu.”

Hilane alisikiliza. Nyayo za kuondoka pale mlangoni hakuzisikia.

Kulipokucha, kila kitu kilikuwa cha kawaida kabisa. Theluji ilikuwa imelala juu ya mapaa ya kijiji cha Ayn Rihan, na jikoni mkate mwembamba ulinukia. Nyumba hii ya milimani ndiko shirika lilikowaleta masista wa makamo waliochakaa misheni, wapumzike kuanzia Februari hadi Pasaka na kuitafuta upya roho iliyowapeleka huko. Hakuna kengele, hakuna kuamshwa. Ulilala mpaka usingizi ukuchoke wenyewe, ukatembea kwenye shamba la mizeituni, jioni ukachora vipepeo kwa rangi za maji.

Hilane alikuwa ametoka kusini mwa Chad, na moyo wake ulikuwa mkavu. Kwa muda mrefu alikuwa akisali kama mtu anayetafuna majani makavu. Alikuwa akifikiria kuvua nadhiri, na aliyemwambia ni mmoja tu: Antwanit, rafiki yake tangu unovisi, muuguzi wa Aleppo, mwanamke ambaye mdomo wake haukuwa na breki. Antwanit alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, “Ukitoka, viatu vyako vya baridi niachie mimi.” Hilane alicheka mpaka akalia. Tangu hapo alijua kwamba ikiwa kuna kamba iliyobaki kumshikilia humo, kamba hiyo ni Antwanit.

Siku ile mezani Antwanit alikuwa akipaka mtindi mzito kwenye mkate.

“Mama Filomen, mlituahidi usingizi, kisha mnatutumia mgongaji. Tena mgongaji bubu.”

Mama Filomen alikuwa mkuu wa nyumba, mzee mwembamba aliyenyooka kama mshumaa, ambaye zamani aliwahi kuongoza misheni huko huko Chad. Alishusha kikombe.

“Hapa hagongi mtu.”

“Basi panya wenu ni Wakatoliki.”

Masista walicheka. Filomen hakucheka. Aliuliza polepole, “Ulijibu?”

“Mama, mimi hata nikiwa jenezani, ukigonga nitajibu.”

Filomen akaendelea kunywa chai yake. Hilane, aliyeketi mkabala naye, aliona uso wa mzee ukilegea, kama uso wa mtu aliyeambiwa na daktari kwamba ugonjwa si wake.

Mlio ule ulirudi usiku uliofuata, na uliofuata. Kila mara ulikuwa mmoja. Kila mara Antwanit alijibu, na kila asubuhi alikuwa amepungua. Mizaha ilimwisha. Midomo ilimpasuka kama ya mtu aliyeanikwa juani, ilhali nje barafu ilining'inia kwenye michirizi. Alikunywa jagi baada ya jagi la maji na kiu isiondoke. Walipotaka kumteremsha hospitali, waliambiwa barabara imefungwa na theluji.

Alfajiri moja Hilane alifungua mlango wake ghafla. Mama Filomen alikuwa amepiga magoti mbele ya chumba cha Antwanit, akifuta ubao kwa kitambaa. Kitambaa kilikuwa chekundu.

“Kutu,” alisema Filomen. “Rudi ulale.”

Mlango ule ulikuwa wa mbao.

Hilane alisubiri mzee aondoke, akagusa alama iliyobaki. Haikuwa damu. Lilikuwa vumbi. Alilijua vumbi hilo. Lilikuwa limekaa kwenye pindo za kanzu zake kwa nusu ya maisha yake, na hakuna sabuni iliyowahi kulitoa. Lilikuwa vumbi la Ngarboro, misheni yake ya Chad. Katika milima hii, chini ya theluji hii, halikuwa na pa kutokea.

Usiku huo alilala kitanda kimoja na Antwanit. Alimwapisha asijibu, naye akaapa. Alimwekea kiganja mdomoni.

Ko.

Antwanit alimwuma. Alimwuma mpaka meno yakagusa mfupa, mpaka kiganja kikaondoka, kisha akajibu kwa unyenyekevu, “Tumshukuru Mungu.” Akageuza uso. Macho yalikuwa wazi, hayamwoni Hilane. Akanong'ona kwa lugha ya watu wa Ngarboro, lugha ambayo hakuwahi kujifunza hata salamu yake:

“Lori limeondoka?”

Asubuhi Hilane alimkuta Filomen jikoni akichagua dengu.

“Unamjua anayegonga.”

“Chagua dengu au toka.”

“Antwanit anauliza lori, Mama. Kwa Kingarboro.”

Vidole vya mzee vilisimama. Kisha vikaendelea, na wakati vikiendelea alilieleza jambo lile bila kuinua macho, kama anayesimulia habari za jirani. Ilikuwa wakati wa vita, kabla Hilane hajafika kule Ngarboro. Askari walikuwa karibu, na lori lilikuwa moja. Mwamshaji wao, sista kijana, alikuwa taabani kwa homa, asiyeweza hata kukaa. Dereva alisema kitanda cha mgonjwa kitachukua nafasi ya watu watatu. Filomen akaamua. Walimwachia jagi la maji wakapanda wakiwa wamebeba viatu mkononi.

Injini ilipowaka, Filomen alisikia kitu ndani ya nyumba. Mgonjwa alikuwa ameinuka. Alikuwa akijikokota ukutani, akigonga vyumba vitupu kimoja kimoja, kuwaamsha dada zake wakimbie. Hakuna aliyemjibu. Filomen alimwambia dereva aende.

Waliokuwa naye aliwafunga kwa utii, nao wote sasa walikuwa wamekufa. Shirika aliliambia kwamba yule sista alivua kanzu akafuata mfanyabiashara.

Sista wao akifa, kiti chake huachwa wazi mezani siku arobaini. Msalaba huwekwa juu ya sahani yake, fungu lake hupewa maskini, na kila mlo hutajwa jina lake. Huyu hakuwekewa sahani. Jina lake lilikatazwa midomoni. Mama yake mzazi alikufa bila kuthubutu kumuulizia.

“Anataka kujibiwa,” alisema Filomen. “Anayejibu ndiye anayekwenda naye. Akishapata mtu, mimi hunipita, mpaka mwaka mwingine.”

“Mwaka jana Sista Luris alifia hapa. Mlituambia ni moyo.”

“Ulikuwa moyo. Mwisho huwa moyo.”

Hilane akaanza kuunganisha mambo. Ni Filomen aliyeliomba shirika lifungue nyumba hii. Vijana wa siku hizi huamshwa na simu. Wazee hawasikii. Ni watu wa umri wake na Antwanit, waliochoka lakini bado wanasikia, ambao jibu lile lilikuwa limeingia mifupani mwao, hulitoa hata wakiwa usingizini. Walikuwa wakipumzishwa kama mbuzi wa sikukuu.

“Mtaje,” alisema Hilane. “Mtaje mezani kama wafu wengine, apumzike, amwache Antwanit.”

Filomen alipuliza makapi kwenye sinia.

“Nikimtaja, atajua nilipo. Na Antwanit wako hafiki jioni.”

Hilane hakubishana tena. Alipita chumba hadi chumba akawaonyesha masista wengine kiganja chake kilichoumwa na vumbi lililobaki mlangoni. Aliwaambia jambo moja tu: lolote litakalogongwa leo, asijibu mtu.

Adhuhuri jua lilikuwa kali juu ya theluji, na chumba cha chakula kilijaa mwanga. Walimbeba Antwanit wakamketisha katikati yao. Kichwa kilimlalia begani Hilane. Hilane alikuwa ametandika mahali pa ziada, kwenye mwisho wa meza: sahani, na juu ya sahani, msalaba.

Filomen aliingia akaiona.

“Ondoa.”

Hakuna aliyenyanyuka.

“Ya nani hiyo?”

“Wewe ndiye utakayetuambia,” alisema Hilane.

Filomen aliketi kwenye kiti chake cha ukuu, upande wa pili, akaanza kumega mkate.

Ko.

Haikuwa mlangoni. Ilikuwa mezani, kando ya sahani yenye msalaba. Kwenye kitambaa cheupe palikuwa na alama nyekundu, ndogo, ya kifundo cha kidole. Kitambaa hicho kipo mpaka leo. Kimechemshwa, kimeanikwa, kimesuguliwa kwa ndimu, na alama hazitoki.

Antwanit aliinua kichwa. Midomo ilifunguka. Hilane alimjaza leso kinywani akamkumbatia kwa nguvu zake zote.

Ko.

Kando ya sahani ya pili. Sista aliyekaa hapo alifumba macho, akauma midomo. Machozi yalimtoka. Hakujibu.

Ko. Sahani ya tatu. Kimya.

Ko. Mbele ya Hilane mwenyewe. Jibu lilimpanda kooni lenyewe, kama kicheko, kama tapishi. Alilimeza. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alisali kweli, na sala yake haikuwa na maneno. Mikononi mwake Antwanit alitetemeka. Alikuwa baridi. Baridi ya sakafu.

Mlio ulizunguka meza. Haukuharakisha. Filomen aliacha mkate. Alijua umebaki umbali gani. Alishika ukingo wa kiti kama anayetaka kusimama.

Ko.

Na mdomo wa Filomen, uliokuwa umejibu kila alfajiri tangu usichana wake, ulijibu.

“Tumshukuru Mungu.”

Alijiziba kwa mikono yote miwili. Alikuwa amechelewa.

Antwanit alitema leso akavuta pumzi ndefu. Joto lilimrudi vidoleni, Hilane akalisikia likirudi. Lakini hakuna aliyemtazama Antwanit. Wote walimtazama mzee.

Filomen hakugeuka nyuma. Kwenye bega lake la kushoto vumbi jekundu lilikuwa likishuka, chembe kwa chembe, na kitambaa cha kanzu kikabonyea taratibu, kama bega linavyobonyea likiwekewa mkono wa mtu aliyetembea mbali sana na sasa anataka kuegemea.

Midomo yake ilitikisika. Mara ya kwanza haikutoa kitu. Mara ya pili ilitoa pumzi tu.

“Sista Takla,” alisema.