Jiwe Lililolazwa

Pete ilimwingia Zawadi kidoleni mara ya kwanza alipoijaribu, bila kubana wala kulegea, na mtu mwenye hadhari angejiuliza palepale. Zawadi hakujiuliza. Alikuwa anaolewa Ijumaa ijayo, na binti anayeolewa Ijumaa ijayo hana nafasi ya hadhari.

Walikuwa Beni, kwenye kibanda cha sonara aitwaye Onésime, yeye na mchumba wake Lukman. Lukman alikuwa msafirishaji wa Butembo, mwenye malori yake na mkono wa birika. Zawadi alizoea kumtania kwamba hata salamu anazitoa kwa kupima. Ndiyo maana alipoambiwa achague pete ya almasi, furaha ilimpanda mpaka akasahau utani. Onésime alitandika kitambaa cheusi, akapanga pete zake. Karibu zote zilifanana na alizowahi kuziona kwenye harusi za watu. Moja tu ilikuwa ya peke yake: almasi nyembamba, ndefu kama punje ya mchele, na badala ya kusimama kufuata urefu wa kidole, ilikuwa imelazwa kukikatiza.

"Hii," alisema Zawadi.

"Dada, angalia kwanza hii ya mviringo," Onésime alisema upesi. "Inang'aa kuipita ile. Lakini angalia muzuri!"

"Hapana. Ya batu bote jiwe inasimama. Miye nataka hii yenye kulala."

Sonara alimtazama Lukman. Lukman alikuwa amesimama mlangoni akiangalia pikipiki zinavyopita, utadhani pete inachaguliwa na watu asiowajua.

"Amechagua," alisema bila kugeuka. "Tuende."

Wakapanda nayo Butembo, ikiwa kidoleni.

Zawadi aliishi na shangazi yake, Mama Feza, aliyeuza vitenge katika chumba cha mbele cha nyumba yao. Asubuhi iliyofuata, akiwa anatawadha, aliona jiwe limesimama. Si kwamba pete ilikuwa imezunguka. Pete ilikuwa palepale, ila vile vijino vya dhahabu vinavyoshika jiwe vilikuwa vimelishika kwa mkao mwingine, vimekaza, kana kwamba sonara alipita usiku na koleo lake. Alimwita shangazi yake. Mama Feza alipofika akifuta mikono, jiwe lilikuwa limelala kama lilivyonunuliwa.

"Ni usingizi, mutoto yangu," alisema Mama Feza akicheka. "Bibi arusi anaonaka mambo mingi."

Kesho yake hakucheka. Jiwe lilisimama tena, na safari hii harufu ikaja nalo, nzito, tamu na chachu kwa pamoja. Ilikuwa harufu ya kakao mbichi iliyofunikwa majani ya migomba ili ichachuke. Kakao ni mambo ya Beni, huko chini kwenye joto. Pale Butembo, kwenye baridi na ukungu wake, hakuna aliyekuwa nayo. Walipekua kitenge kwa kitenge wasipate hata punje.

"Nani ameingiza kakao ku nyumba yangu?" Mama Feza aliuliza, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

Siku ya pili yake ukungu ulitanda mchana kutwa na wateja hawakuja. Mama Feza alikuwa ametoka. Zawadi alikuwa anakunja vitenge peke yake aliposikia, katika chumba cha nyuma kisichokuwa na mtu, kitu kikikwaruza sakafu, shwaa, kikanyamaza, shwaa, taratibu, kwa mwendo wa mtu anayefanya kazi aliyoizoea, na ile harufu ikafunguka tena, na mkwaruzo ukatoka chumbani ukaja ukumbini, shwaa, ukapita chini ya pazia bila kulitikisa, mpaka akatazama chini na kuona kwamba ni mkono wake mwenyewe, ule wenye pete, unaokwenda na kurudi juu ya meza ukifagia kitu kisichokuwapo, naye hakuwa ameuambia ufanye hivyo.

Akataka kupiga kelele. Sauti haikutoka. Iliyotoka kinywani mwake haikuwa yake.

"Dada," ilinong'ona, "sababu ya nini balilalisha jiwe yangu?"

Alijikaza, akauliza, "Weye ni nani?"

"Ijumaa batasoma jina yako," midomo yake ikajibu. "Lakini mwenye kuitika ni miye."

Mama Feza alimkuta kwenye beseni, akilia, akiivuta pete kwa sabuni. Walijaribu mafuta, wakajaribu uzi. Haikusogea. Kidole kilikuwa baridi na kimeanza kuwa cheusi kwenye ncha.

Jioni ileile aliitwa Mwalimu Jumaine, muuza vipuri vya pikipiki aliyekuwa pia akiwasomea wagonjwa dua. Alikuja mikono ikinuka grisi, akanawa vizuri, akaketi mkekani mbele ya Zawadi na kuanza kusoma. Lukman alikuwapo, amejibanza karibu na mlango. Kisomo kilipoendelea, mkono wa Zawadi ulianza tena, shwaa, juu ya mkeka, na harufu ikajaa hata Mama Feza akajiziba pua kwa kitenge.

"Sema jina yako," Mwalimu aliamrisha.

"Muulize Lukman," ilisema sauti.

Wote wakageuka.

"Miye? Minajua nini, miye?" Lukman alisema, jasho likimtoka katika baridi ile. Zawadi alimsikia. Alikuwa mbali ndani ya mwili wake, lakini alimsikia, na uongo ule ulimuuma kuliko kidole.

"Lukman," alisema kwa shida, kwa sauti yake mwenyewe. "Nakuomba. Inanikamata. Sema."

Lukman akaporomoka chini.

"Ilikuwa ya Mwamini," alisema. "Binti wa Beni. Nilimuchumbia kabla yako. Malaria ikamuua. Mama yake aliniomba nimuachie pete, akuwe anamukumbuka nayo. Nikakatala. Niliichukua palepale ku matanga. Nikamuambia Onésime alalishe jiwe, ili mutu asiitambue."

Pete ikateleza yenyewe kidoleni, ikaanguka mkekani. Harufu ilikatika kama mlango uliofungwa.

Zawadi hakumtazama Lukman. Alikuwa na hasira na alikuwa na furaha, na hakujua aanze na ipi.

"Mutu akifa anaenda kwa Mungu wake," alisema Mwalimu Jumaine. "Hii ni jini yenye iliishi naye. Inajua sauti yake, inajua kazi yake. Murudishe kitu ya benyewe na muombe radhi kabla ya nikaha. Hapana kungojea."

Alhamisi asubuhi walishuka Beni. Mama yake Mwamini alikuwa uani kwake, kakao imetandazwa juani juu ya turubai. Lukman alipiga magoti, na siku hiyo hakupima maneno. Mama aliipokea pete kiganjani. Jiwe lilikuwa limesimama. Alilia sana, kisha akasema amemsamehe, na Zawadi akalia naye, moyo mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aivae. Alama ya jiwe ilikuwa imebaki kidoleni, ndefu, ikifuata urefu wa kidole, lakini alama hupona. Kesho angeolewa. Angemsamehe Lukman polepole, kwa wakati wake.

Ngurumo ikapiga upande wa Kalunguta, kwenye barabara waliyojia. Zawadi akainuka, maana kakao ikinyeshewa inaharibika. Alizunguka nyuma ya nyumba, akausukuma mlango wa ghala kwa bega kwa sababu ulikuwa unakwama chini, akapeleka mkono gizani na kutoa ubao wenye mpini mrefu. Akarudi uani akaanza kukusanya punje, shwaa, shwaa, kabla mvua haijafika, na mikono yake haikuhitaji kufundishwa. Ilikuwa kazi nzuri.

Alipoinua macho, mama alikuwa amesimama mbele yake, pete imekazwa kifuani. Nyuma yake Lukman alikuwa ameangusha funguo za lori na hakuziokota.

"Mutoto yangu," mama alinong'ona, "nani alikuonyesha pahali ubao inakaaka?"

Zawadi aliutazama ubao mkononi mwake. Hakuwa amewahi kufika katika nyumba ile.

Mama akasogea hatua moja.

"Mwamini?"

"Niko hapa, mama," aliitika, kabla hajajua kwamba ameitika.