Ukurasa Unaoujua

Katika nyumba ya fundi saa, muda haukuwa na haraka. Ukutani kulikuwa na saa kumi na tisa, na kila moja ilisema lake. Moja ilisema ni asubuhi. Nyingine ilisema jua linakaribia kuzama. Fundi hakujali.

"Hawa wote ni wagonjwa," alizoea kusema. "Mgonjwa haulizwi saa ngapi."

Nyuma ya nyumba kulikuwa na ua. Mke wa fundi alikuwa dobi, na ua ule ulikuwa wake. Kila siku alianika mashuka meupe kwenye kamba tatu. Upepo ukipita, mashuka yalijaa na kunywea, yalijaa na kunywea, na ua mzima ukaonekana kama umelala. Chini ya mashuka hayo alilala kifudifudi binti yao wa miaka tisa. Watu walimwita Maswali. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Mbele yake kulikuwa na karai la maji. Ndani ya karai mlikuwa na viluwiluwi saba, watoto wa chura. Aliwachota mferejini baada ya mvua.

"Karai langu litarudi lini?" mama aliuliza kila asubuhi.

"Wakiota miguu, mama."

"Na mimi nifulie kwenye sufuria?"

Lakini alisema kwa mdomo tu. Mara nyingi yeye mwenyewe alisimama pale, shuka bichi mkononi, akatazama vile vimkia vikipita katikati ya mawingu. Maana mawingu yote ya mchana yalishuka ndani ya karai lile, na viluwiluwi waliogelea humo polepole. Mama alisahau alichokuwa akifanya. Shuka lilimlowesha miguu.

Sasa niseme habari ya kitabu. Fundi alijifunza kusoma ukubwani, tayari ana ndevu. Kwa hiyo aliviheshimu vitabu sana. Siku moja muuza vitabu wa kutembeza alipita mlangoni. Fundi akachagua kikubwa kuliko vyote. Kilikuwa na jalada jekundu na herufi za dhahabu. Kurasa zake ziling'aa. Kilisema kinaeleza kila kitu: nyota, wanyama, mashine, mwili wa binadamu. Fundi alikipima mkononi, akakiona kizito.

"Hii ndiyo elimu," alisema.

Tangu siku hiyo, kila alasiri baba na binti walisoma pamoja. Fundi alifuata mstari kwa kidole. Walisoma habari za nyota. Walisoma habari za nyangumi. Walipofika ukurasa wa saa, fundi aliuruka.

"Hizi nazijua," alisema. "Tusipoteze muda."

Kisha wakafika ukurasa wa vyura. Palikuwa na picha ya kiluwiluwi anayetabasamu, ana mikono miwili mbele.

"Kiluwiluwi huota kwanza miguu ya mbele," fundi alisoma. "Halafu ya nyuma. Kisha mkia wake hukatika, naye huwa chura. Mpaka siku hiyo huishi ndani ya maji."

Maswali aliyaweka maneno hayo moyoni. Akasubiri.

Baada ya wiki moja alikuja mbio karakanani. "Baba! Mmoja ameota miguu! Lakini ameanza na ya nyuma!"

"Umetazama vibaya."

"Nimetazama vizuri, baba. Njoo uone."

Fundi hakuinuka. Alikuwa na saa ya mtu mezani, na kioo cha kukuzia jichoni. "Kitabu kinasema mbele," alisema. "Kitabu kimeandikwa na wataalamu, mwanangu. Wewe una miaka tisa."

Maswali akageuka. Akakitazama kitabu. Akautazama ua.

"Basi huyu ni mgonjwa," alisema polepole.

Akamtenga yule kiluwiluwi kwenye kopo safi. Akalijaza maji mpaka juu, kwa sababu kitabu kilisema maji. Baada ya siku kadhaa, miguu ya mbele nayo ikatokea. Mkia ukaanza kuwa mfupi. Maswali alitia kidole ndani ya kopo kila siku, akitafuta kipande cha mkia kilichokatika. Hakukipata.

Asubuhi moja alimkuta mgonjwa wake amelala juu ya maji, tumbo juu. Alikuwa na miguu minne na kimkia kidogo. Amekufa.

Maswali hakulia kwa sauti. Machozi yalimtoka tu.

"Nimemuua," alisema. "Macho yangu hayaoni vizuri."

Tangu hapo hakuuliza tena. Siku ya kwanza wazazi walidhani ni huzuni itakayopita. Siku ya pili alikula bila kuuliza chakula kimetoka wapi. Siku ya tatu alipita kando ya karai bila kuinama, na mama ndiye aliyewalisha wale sita waliobaki. Ndani ya nyumba zikasikika saa tu. Mama alikosa raha kabisa. Zamani maswali yale yalimchosha, na sasa aliyatamani.

"Mtoto wetu anatupotea huku tunamwona," alimwambia mumewe. "Mimi naenda kumwita Mama Vitabu."

Mama Vitabu alikuwa jirani yao wa nyumba ya pili. Alifanya kazi katika maktaba ya watoto. Kazi yake ilikuwa kuchagua kitabu gani kiingie rafuni na kipi kisiingie. Alikuja siku ileile, mkoba begani, miwani kichwani, akiwa ameshaelezwa yote na mama.

"Karibu, jirani," fundi alisema. "Kitabu hiki hapa."

"Asante. Kwanza nionyesheni karai."

Wakaenda uani. Mama Vitabu akapita chini ya mashuka, akachuchumaa. Maswali alisimama mbali.

"Mwanangu, hawa walianza na miguu ipi?"

Maswali aliinamisha kichwa.

"Nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye uliyekuwepo. Mimi nilikuwa kazini. Baba yako alikuwa na saa zake."

"Ya nyuma," Maswali alinong'ona.

"Wote?"

"Wote."

"Umeona sawasawa. Vyura huanza na ya nyuma." Kisha Mama Vitabu akayatazama maji kwa karibu, na sauti yake ikabadilika. "Wawili hapa wameshaota ya mbele. Tafuteni jiwe. Haraka!"

Mama alileta tofali. Wakalilaza upande, na mama akapunguza maji kwa kikombe mpaka tofali likatokeza juu.

"Chura mdogo akishaota miguu ya mbele, anaanza kuvuta hewa kama sisi," Mama Vitabu alieleza. "Anahitaji mahali pa kupanda apumzike. Asipopata, anachoka na kuzama. Na mkia haukatiki. Unapungua wenyewe, kidogo kidogo, mpaka unakwisha."

Maswali aliyasikia yote. Alisogea hatua moja karibu na karai.

Wakarudi karakanani. Mama Vitabu hakukifungua kile kitabu chekundu. Alimkabidhi fundi.

"Fundi, tafuta ukurasa wa kitu unachokijua kuliko mtu yeyote mtaani."

Fundi akafungua ukurasa wa saa, ule aliouruka. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti.

"Mshale mrefu na mshale mfupi huzungushwa na gurudumu moja, kwa mwendo mmoja..."

Akaacha. Akasoma tena. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Mwendo mmoja? Mshale mfupi ungefuatana na mrefu siku nzima bila kuachana! Hiyo ni saa au ni mchezo? Nani kaandika upuuzi huu?"

"Hilo ndilo swali," Mama Vitabu alisema. "Hebu mtafute."

Fundi akatazama jalada. Akatazama ukurasa wa kwanza na wa mwisho. Hakukuwa na jina la mwandishi. Hakukuwa na jina la mchapishaji wala mwaka.

"Hana jina," alisema.

"Wewe saa hununui mpaka umeifungua mgongo. Kitabu ulikifungua mgongo?"

"Nilikipima mkononi."

Mama alicheka nyuma ya mlango. "Kama kabichi!"

"Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza," Mama Vitabu alisema, naye akacheka. "Lakini tusimcheke sana. Hata sisi kazini tunadanganywa na jalada. Ndiyo maana kitabu cha maarifa nakijaribu kwanza kwa kitu ninachokijua. Baba yangu alikuwa seremala, nami nilikulia karakanani kwake. Basi mimi huanza na mbao. Kikinidanganya kwenye mbao, nitakiaminije kwenye nyota?"

Fundi aliziangalia zile kurasa zinazong'aa. "Kwa hiyo nyota nazo ni uongo? Na nyangumi?"

"Pengine ni kweli, pengine si kweli. Huwezi kujua. Ndiyo taabu yake."

Akatoa mkobani kitabu kingine. Kilikuwa chembamba, cha karatasi ya kawaida. Kilieleza habari za vyura tu.

"Huyu mwandishi ana jina," alisema. "Hapa anaeleza alivyokaa miaka mingi kando ya madimbwi akiwatazama. Hapa ametaja vitabu alivyosoma, na mtu aliyemkagulia kazi yake. Mwaka wa kuchapishwa ni huu. Mambo mengine hubadilika, kwa hiyo mwaka nautazama kila mara. Sasa tuseme mtoto anataka habari za miguu tu. Afanyeje?"

"Asome chote," fundi alisema.

"Atachoka! Nenda nyuma kabisa."

Mwisho wa kitabu palikuwa na orodha ya maneno kwa mpangilio wa alfabeti. Fundi akatafuta kwa kidole. "Miguu, ukurasa wa kumi na mbili." Akafungua. Palikuwa na picha ya kiluwiluwi karibu na kidole cha mtu, ili msomaji ajue ukubwa wake. Kiluwiluwi huyu hakutabasamu. Alikuwa na miguu miwili, ya nyuma.

Fundi akasoma chini ya picha. "Kwa nini mmoja huchelewa kuliko nduguze, mara nyingine hatujui." Akainua uso. "Kitabu kinasema hakijui?"

"Ndiyo. Basi kikisema kinajua, una sababu ya kukisikiliza."

"Na hiki nacho kikikosea?"

"Tafuta cha pili, ulinganishe. Kisha rudi kwenye karai, utazame mwenyewe."

Fundi akakiweka kitabu chini. Akatoka uani, akapiga magoti mbele ya karai. Kwa mara ya kwanza alitazama. Alikaa pale muda mrefu, mashuka yakimpapasa mgongo. Kisha akamwita binti yake.

"Ulitazama vizuri, mwanangu. Mimi ndiye sikuinuka kwenda kutazama. Kosa ni langu, si la macho yako. Nisamehe."

Maswali akatikisa kichwa kukubali. Akamwegemea baba yake. Lakini bado hakuuliza kitu.

Siku zikapita taratibu. Kitabu chekundu hakikutupwa. Fundi alibandika karatasi juu ya jalada, akaandika kwa mkono wake: "Kitabu hiki hakina mwenyewe. Usikiamini peke yake." Kila Jumamosi wote watatu walikwenda maktaba. Katika kila kitabu alichokishika, fundi alitafuta kwanza habari za saa. Ikiwa hazimo, mama alitafuta habari za sabuni.

Uani, vyura wadogo walipanda juu ya tofali mmoja mmoja, wadogo kama ukucha. Walikaa juani, koo zikipanda na kushuka. Hakufa hata mmoja. Wa sita alipopoteza mkia wake wote, familia iliwabeba mpaka mferejini. Nyasi zilikuwa na umande. Vyura waliruka, na nyasi zikatikisika kidogo, halafu zikatulia.

"Mwakani watarudi hapahapa kutaga mayai," fundi alisema kwa furaha.

Maswali aligeuka. Alimtazama baba yake usoni.

"Umejuaje, baba?"

Mama akashika mdomo. Fundi alihisi machozi, na hakuyaficha.

"Sijui, mwanangu," alisema. "Nimesema tu."

"Wapo wanaorudi walikozaliwa? Wanaijuaje njia? Na kama mfereji umekauka je? Nani aliwahi kuwafuata akaona?"

"Sijui hata moja," fundi alisema, akimshika mkono. "Maktaba iko wazi. Twende."