Si Darasa la Ngumbaru

Conjesta anauza samaki sokoni Babati. Binti yake, Vailet, humsaidia kuparua perege. Vailet aliacha shule kidato cha pili alipopata mimba. Sasa mtoto wake, Goodness, anatambaa.

Jioni wote wamechoka. Mama amechoka miguu. Vailet amechoka kuwaza. Goodness peke yake hachoki.

Jioni moja jirani yao, mwalimu Bernadina, alipita kuwasalimu.

"Shikamoo, mwalimu," Vailet alisema.

"Marahaba. Vailet, kituo chetu cha elimu ya watu wazima kinaandikisha wanafunzi. Njoo Jumatatu."

Vailet aliinama. Machozi yakamtoka.

Conjesta akajibu taratibu. "Mwalimu, mwanangu aliteleza, sawa. Lakini umpeleke kwa ngumbaru? Akakae na vibibi wanaojifunza a, e, i, o, u?"

Bernadina alivuta kigoda, akakaa. Naye alikuwa amefundisha kutwa.

"Mama Vailet, hilo jina linanikimbizia wanafunzi kila mwaka. Kwangu hakuna vibibi. Ni vijana walioacha shule. Wengine walipata mimba, wengine walikuwa wanachunga ng'ombe. Wanasoma sekondari kamili, ila kwa muda mfupi zaidi. Mtihani wa kidato cha nne ni uleule wa wenzao."

"Kwa nini asirudi shule yake? Nasikia siku hizi wanaruhusiwa."

"Wanaruhusiwa. Achague mwenyewe."

"Kule siwezi, mama," Vailet alisema. "Watanicheka."

"Na huyu mtoto?" Conjesta aliuliza.

"Tuna chumba cha watoto na mlezi," mwalimu alijibu. "Akilia, mama yake anaitwa, anamnyonyesha, anarudi darasani."

Conjesta alikuwa anawaza samaki. Nani angemsaidia kuparua?

"Mama, nimechoka kuparua samaki," Vailet alisema. "Nataka kuwa nesi."

"Hata mimi nimechoka," mama alisema. "Nenda."

Mwanzo ulikuwa mgumu. Vailet alikuwa amesahau mengi, na hesabu zilimpa usingizi. Bernadina hakumgombeza. Alimbakiza baada ya vipindi, wakarudia polepole. Nyumbani, Conjesta aliparua samaki peke yake, mgongo ukimuuma. Alinung'unika, lakini hakumwita binti yake.

Mwisho wa mwaka Vailet alifaulu mtihani wa mwaka wa kwanza. Hesabu alipita kwa shida, lakini alipita.

Asubuhi moja mteja alimuuliza Conjesta, "Binti yako haonekani siku hizi. Ameolewa?"

"Yuko shule."

"Shule? Na yule mtoto?"

Conjesta aliendelea kuparua.

"Wameenda wote wawili," alisema.