Fundi wa Paa, Vidonge na Soda ya Mjomba

Naapa kwa meno yangu yote, yaliyobaki na yaliyong'oka: habari hii ni kweli tupu. Mkinikuta na uongo, hata mdogo kama punje ya mchele, nitabeba kapu la mke wangu kichwani hadi sokoni na kurudi, kwa miguu, kila asubuhi. Haya, tuanze.

Mpwa wangu ni fundi wa paa. Ni mtoto wa dada yangu, lakini nimemlea mimi. Kwa hiyo akisifiwa, nusu ya sifa naichukua. Tunaishi ua mmoja. Mimi na mke wangu tuko upande huu. Yeye na mkewe, ambaye ni msusi, wako upande ule.

Fundi akipanda paa, mtaa ulisimama kutazama. Alipita juu ya mbao nyembamba, misumari mdomoni, nyundo kiunoni. Kunguru walimpisha njia.

Kisha akaugua. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Zilimtukana kutwa. Akaacha kula, akaacha kulala, akaacha kazi. Akakonda hata akisimama karibu na ngazi yake, hujui umsalimie yupi.

Msusi alimpeleka hospitali, daktari akampa vidonge. Polepole sauti zikanyamaza. Fundi akaanza kulala, kucheka na kula.

Hapo ndipo sisi ndugu tulipoharibu.

Kila jioni alimeza kidonge mbele yetu sote. Mimi nilikuwa tayari na chupa ya soda. Akimeza tu, nafungua: pshh!

"Pokea, bingwa!"

Tunapiga makofi. Mke wangu naye anampakulia sahani ya pili kabla ya kwanza kwisha.

"Kula, baba, urudishe mwili."

Mwili ukarudi. Ukafika ulipokuwa zamani, ukapita, ukaendelea na safari. Majirani walisema, "Kijana amenawiri!" Nasi tukavimba kwa furaha. Kwetu, unene wake ulikuwa ndio ushahidi kwamba amepona.

Fundi hakuwa na furaha. Suruali zilimkataa. Akipanda ngazi, anahema. Siku moja walikuwa wanaezeka ukumbi wa mtaa. Mbao ikavunjika chini ya mguu wake. Alidaka mbao nyingine, hakuanguka. Kibarua mmoja akapiga kelele, "Kontena limetua!" Wenzake wakacheka.

Msimamizi hakucheka. Alisema tu, "Fundi, kwa sasa baki chini. Utakata mabati."

Jioni ile alimeza kidonge kama kawaida. Tukapiga makofi kama kawaida. Kumbe kidonge kilikuwa kimejificha chini ya ulimi. Alikwenda kukitema nyuma ya nyumba. Kesho yake akafanya hivyo tena.

Haikuchukua muda, Msusi akaja kwangu mbio, chanuo mkononi.

"Mjomba, mwenzangu halali."

"Joto hilo."

"Si joto, Mjomba. Jana aliziba masikio na hakuna aliyekuwa anasema. Leo ameyaambia mabati yanyamaze."

Nilitaka kutania. Badala yake nikainuka, nikamfuata.

Tulimkuta Fundi amekaa juu ya rundo la mbao. Macho yalikuwa mekundu.

"Mpwa wangu, dawa unameza?"

Akakiri kwamba vidonge hujificha chini ya ulimi, naye huvitema. Kisha akasema, "Mjomba, nikimeza, nanenepa, nabaki chini kama gunia. Nisipomeza, zile sauti zinarudi. Wewe mkubwa niambie. Nipoteze kazi, au nipoteze akili?"

Mimi nina jibu la kila kitu. Siku ile nilikimbilia kwa mke wangu.

Mke wangu ndiye aliyemwita jirani yetu, nesi wa kliniki ya afya ya akili. Alikuja, akaelezwa yote, akakaa palepale kwenye mbao, karibu na Fundi.

"Nani kakwambia lazima upoteze kimoja?" akauliza. "Baadhi ya dawa hizi huongeza njaa. Mtu anakula, hashibi. Tena humchosha, anataka kulala tu. Huo si ulafi wala uvivu."

"Kumbe si mimi?"

"Si wewe. Hukukosea kulalamika. Ulikosea kulalamika kimoyomoyo. Ukiacha dawa ghafla, ugonjwa unaweza kurudi, hata kwa nguvu zaidi. Ukiona mwili unaongezeka, sema mapema. Daktari anaweza kurekebisha dozi, au kubadilisha dawa, au kukusaidia kwa njia nyingine. Kazi hiyo ni ya daktari, si ya ulimi wako."

Fundi akatabasamu kidogo.

"Mdomo unakauka?" nesi akauliza.

"Unakauka kama bati la mchana."

"Na ukikauka, unakunywa nini?"

Fundi akanitazama. Msusi akanitazama. Mke wangu akanitazama zaidi.

"Soda," Fundi akasema.

"Soda ya nani?"

"Ya Mjomba."

"Nilikuwa nampongeza!" nikasema.

"Mpongeze kwa maneno, mzee," nesi akajibu. "Chupa ile ina vijiko vingi vya sukari. Mpe maji. Kiu ni ya maji."

Siku hiyohiyo tulikwenda kliniki. Fundi alimweleza daktari kila kitu, hata habari ya ulimi. Daktari hakumfokea. Alimpima uzito, kiuno, shinikizo la damu na sukari. Akamrudisha kwenye dawa kwa utaratibu, na kumwambia vipimo hivyo virudiwe mara kwa mara. Baadaye, akili ilipotulia, alimhamishia dawa nyingine, taratibu.

"Si kila mtu hubadilishiwa," nesi alitufafanulia. "Wengine, dawa ile ya kwanza ndiyo inayowafaa. La maana ni kusema."

Nyumbani, nesi alikataa Fundi apikiwe peke yake. "Mkimwacha atafune majani huku ninyi mnalamba mafuta, mnamtesa. Kuleni wote chakula kimoja." Basi ua mzima ukabadilika. Nusu ya sahani ikawa mboga. Mafuta yakapungua. Matunda yakala nafasi ya biskuti. Kila mtu alikula sahani moja, kwa wakati uliopangwa, na njaa ya usiku ikajibiwa kwa maji. Mke wangu aliteseka kuacha kupakua sahani ya pili.

Kidonge kilimezwa kwa maji. Makofi tuliyaacha. Msusi alisema mume wake si mtoto. Alikaa naye tu, wakazungumza habari za kazi.

Asubuhi walitembea kwa miguu, Fundi na Msusi, kabla ya jua kupata nguvu. Mwanzo alichoka kabla ya kufika kona. Baadaye kona ikabaki nyuma. Nami nilitembea nao kila siku, mbele kabisa, wakiniomba nipunguze mwendo.

Mwezi wa kwanza mzani haukushuka. Fundi akanuna. Nesi akafurahi.

"Haukupanda! Unajua ulikuwa unapanda vipi? Huo ni ushindi, kaka."

Halafu ukaanza kushuka, kidogo kidogo. Fundi hajawa ngazi tena, na hatutaki awe ngazi. Ila anapumua vizuri, analala vizuri, na sauti zimekaa kimya.

Siku moja, ukumbi ukiwa bado haujamalizika kuezekwa, aliitafuta ile mbao iliyovunjika kwenye takataka za ukumbi. Akaiminya kwa vidole. Ikamwagika unga. Ndani ilikuwa imeliwa na mchwa! Akaipeleka kwa msimamizi.

"Bosi, hii ingevunjika hata kwa paka."

Msimamizi aliigeuzageuza. "Nami nikakutupia lawama wewe. Nisamehe, Fundi."

Walikagua paa lote, wakaondoa mbao nyingine mbovu. Kisha msimamizi akaonyesha ngazi. "Panda. Kazi ni yako."

Yule kibarua wa "kontena" ndiye aliyemshikia ngazi. "Kaka, mdomo wangu uliniponza," akasema. Fundi akampiga begani, akapanda. Bati la mwisho alilipigilia yeye, kule juu kabisa. Mtaa ulisimama kutazama. Msusi alikuwa akilia na kucheka pamoja. Na mimi nilimwambia kila aliyepita: "Yule ni mpwa wangu. Anameza dawa yake, na paa ni lake."

Hapo niliweka kalamu chini, nikampa mke wangu asome. Alisoma yote. Maneno ya nesi akasema ni sawasawa, yasiguswe. Kisha akafika kwenye matembezi. Akatoka uani na karatasi mkononi. Fundi alikuwa juu ya paa letu, anaziba tundu.

"Baba! Mjomba wako anasema alitembea nanyi kila siku, mbele kabisa!"

Nyundo ikanyamaza.

"Mjomba," Fundi akasema kutoka juu, "tulitembea wawili tu. Na umesahau kazi yangu? Ukumbi unatazamana na benchi la mshona viatu. Kila nilipopanda kazini nilikuona hapo umekaa. Na chupa ya soda umeibana katikati ya magoti."

"Ilikuwa maji!" nikasema.

"Maji mekundu?"

Msusi alicheka hadi akakaa chini. Mke wangu aliingia ndani, akatoka na kapu lake.

Leo nimetoka sokoni. Kapu lilikuwa kichwani, limejaa mboga. Fundi na Msusi walikuwa mbele yangu, na mimi ndiye niliyewaomba wapunguze mwendo.