Tatu Iliyobaki

Kila asubuhi Kanini aliteka maji mtoni huku akihesabu kwa sauti: saba, kumi na nne, ishirini na moja. Wachumaji wa kahawa wa shamba lile la Ruiru walimcheka, lakini baba yake, Mzee Muasya, alitembea kifua mbele. "Huyo ni wangu," aliwaambia.

Mwaka ule wa 1958, shule ya shamba ingepeleka mwanafunzi mmoja tu kwenye mashindano ya hesabu mjini Thika. Kanini aliitaka nafasi hiyo kuliko gauni jipya la Krismasi.

"Nitasoma hesabu moja," Mwalimu Erastus alisema. "Atakayeipata ndiye atakayekwenda. Haya, elfu mia moja na mbili. Gawanyeni kwa saba. Haibaki kitu."

Kila mtoto akaandika 102,000 kwenye kibao chake. Kila mtoto akapata 14,571, na tatu ikabaki. Lo! Si mwalimu amesema haibaki kitu? Waweru, jirani yake Kanini, akalamba kidole akaifuta ile tatu. Wengine wakamchungulia, wakafuta pia.

"Futa na wewe," Waweru akanong'ona. "Utakosa Thika kwa ajili ya tatu!"

Kanini alirudia hesabu, tatu ilikuwa palepale. Akasimama. "Mwalimu, kwangu inabaki tatu."

Darasa likaangua kicheko.

"Nimesema haibaki kitu," mwalimu akajibu kwa ukali. "Keti, uangalie tena."

Kanini aliketi, machozi yakimlengalenga. Mwalimu hadanganyi, aliwaza, na saba nayo haidanganyi. Basi labda ni masikio yangu. Akayarudia yale maneno polepole: elfu mia moja... na mbili. Je, kama ile mbili si ya maelfu, ni mbili tu, peke yake? Akaandika 100,002. Saba ikaingia mara 14,286, sawasawa kabisa.

"Mwalimu! Ni mia moja elfu, kisha mbili!"

Mwalimu Erastus akatazama kitabu chake, akacheka hadi akavua miwani. "Ndiyo hii hapa! Kumbe mimi ndiye niliyeitamka vibaya." Kisha akapita kati ya madawati akikagua vibao. "Na nyinyi, tatu yenu mmeipeleka wapi?"

Waweru akainamisha kichwa. "Tumeifuta, mwalimu. Ulisema haibaki kitu."

"Sikieni, wanangu. Nambari haimwogopi mwalimu. Mkificha ukweli ili mnifurahishe, mimi nabaki na kosa langu, nanyi mnabaki na lenu. Kanini hakuificha tatu yake, ndipo ikamwonyesha njia. Thika ataenda yeye."

Jioni, Mzee Muasya alipopata habari, alimnyanyua binti yake juu mbele ya wachumaji wote.

"Kwetu Ukambani, Kanini maana yake ni mdogo," alisema. "Haya, anayemwona mdogo na ajitokeze!"

Hakujitokeza mtu.